Spana ya Bwawani

Mume wangu mdogo Petro,

Hapa Rhotia hatujambo. Mahindi yamebeba vizuri, na mama yako bado anakuombea uache bahari ya Zanzibar, urudi uwaendeshe watalii Ngorongoro, kwenye nchi kavu. Unaniuliza utajuaje kama huku kuzamia na mtungi wa hewa mgongoni ni mapenzi ya kweli au ni upepo wa ujana.

Nilipokuwa msichana nikichuma kahawa Oldeani, msimamizi aliangusha spana ya pampu bwawani. Bila pampu kahawa isingeoshwa, ingeharibika. Wanaume wakabaki ukingoni wakibishana nani fundi wa kuogelea. Mimi nikajitosa.

Chini kulikuwa kimya. Maji yalikuwa ya kijani, na miale ya jua imening'inia kama nyuzi. Nikaibuka.

"Umeipata, we binti?"

"Bado, mzee."

Nikazama tena.

"Vipi?"

"Bado kidogo."

Mara ya tatu nikaitoa, wakanishangilia.

Petro, spana niliishika mara ya kwanza. Niliificha chini ya jiwe.

Ukijiona unatunga uongo ili urudi chini, jibu unalo. Mama yako niachie mimi.

Bibi yako