Mtakatifu wa Mifupa

Kasulu Mjini, 4 Februari 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua kimepona, na bosi wangu Mansuri anakusalimu. Mgongo unaendeleaje? Na yule mbuzi kiwete, amezaa?

Kwenye kifurushi alichokuletea Khatibu, dereva wa lori la maharage, kuna kidani cha fedha. Usishtuke. Nimekichonga mwenyewe, kazi ya kwanza ambayo Mansuri hakuigusa. Huyo mwenye fuvu na shuka kichwani ni mtakatifu wa watu wa Meksiko, tulimwona kwenye simu. Maaskofu wao hawamtaki, lakini maskini, wafungwa na wote wanaoogopa kuuawa humwashia mishumaa, maana kifo, wanasema, hakibagui mtu. Hapa vijana wa bodaboda wanagombania pete zenye fuvu lake. Wewe unaishi peke yako, nimekupa huyu akulinde. Kivae.

Mwanao, Irakoze


Murungu, 18 Februari

Mwana wanje, mwanangu Irakoze,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. Mgongo ni ule ule. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja kafa. Simu bado mbovu, endelea kuandika.

Zawadi nimeiona. Mkono wako umekuwa mzuri, hata meno ya fuvu yanahesabika, nimelia kwa furaha. Lakini mafuvu mimi niliyaona mwaka wa sabini na mbili, tulipokuwa tunakimbia Burundi, nikiwa mtoto. Hayakuwa ya fedha. Nitavaaje kitu hiki niende nacho kanisani? Na kutupa kazi ya mwanangu siwezi. Nimekizika jikoni, chini ya mtungi wa maji. Hapo hakinioni nami sikioni, tunaishi kwa amani.

Mama yako, Esteri


Kasulu, 3 Machi

Mama, shikamoo!

Umenivunja mbavu. Kumzika mtakatifu chini ya mtungi! Niliwasimulia wateja hadi Mansuri akadondosha koleo. Yupo mmoja, Makarius wa bodaboda, niliyemchongea pete nene ya fuvu. Alicheka mpaka machozi, akauliza ni Murungu sehemu gani, nyumba ipi, siku akipita akusalimie. Nimemwelekeza. Akija mpe uji, ni mtu wa utani sana.

Mwanao, Irakoze


Murungu, 22 Aprili

Irakoze,

Uzima sina wa kukueleza. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umevunjika.

Juzi Jumamosi walikuja Kamchape, wale vijana wanaosaka wachawi nyumba hadi nyumba. Walianza kwa mzee Tharsisi. Walimcharaza hadi akajikojolea, kisha wakasema hana kitu. Kwangu hawakutafuta. Kiongozi wao alikwenda moja kwa moja jikoni, akaupiga mtungi teke, akachimba. Alitoka amekiinua kile kidani, akapaza sauti: "Mrundi huyu analala na mfupa wa mtu! Huyu ndiye anayewamalizia watoto wenu!" Niliapa kwa Imana, Mungu wetu, kuwa sina mfupa wa mtu yeyote. Hakuna aliyenisikiliza. Claudine, jirani niliyemzalisha watoto wake wote, ndiye aliyeleta mafuta ya taa.

Walinipiga kwa mipini ya majembe. Mkono niliusikia ukivunjika kama kuni kavu. Kiongozi alinibana mdomo nisipige kelele, kidole chake kikaingia kinywani. Nikauma. Niliuma hadi meno yakagonga pete, na pete hiyo ilikuwa na fuvu kama lile la kwako. Akanipiga nikazimia. Nyumba imeungua yote, limebaki jiko la nje. Mzee Tharsisi alifariki jana.

Usije. Sina mwingine ila wewe.

Mama yako, Esteri


Kasulu, 26 Aprili

Mama,

Shikamoo, ingawa sijui kama bado nastahili kukuamkia. Mdomo wangu ndio uliomwonyesha mahali pa kuchimba.

Leo Ijumaa, Mansuri akiwa msikitini, Makarius aliingia dukani. Alidhani sijapata habari. Kidole kilikuwa kimevimba, cheusi, pete imezama kwenye nyama, akataka niikate. Nilikigeuza kidole. Alama za meno zilikizunguka, na palipokosekana jino ni pale pale lilipo pengo lako. Nikamuuliza nani kamng'ata. Akasema mbwa.

Nilimwambia atulize mkono. Nikaubana kwenye jiliwa la kubania vyuma, nikakaza, nikakaza tena. Alipoanza kuniita kaka nilichukua msumeno. Pete sikuigusa. Kila nilipouvuta msumeno nilitaja jina lako, kisha la mzee Tharsisi, hadi ukapita.

Sikuja, ulinikataza. Nimekutumia kilicho chako kwa Khatibu, hajui kilichomo. Mimi naondoka.

Irakoze


Murungu, 5 Mei

Mwana wanje,

Amani iwe nawe huko uliko. Khatibu anasema polisi wanakutafuta na duka limefungwa. Barua hii atakaa nayo hadi akuone.

Nilifungua kifurushi nikidhani umenitumia dawa. Pete ilikuwa bado imevaliwa. Nililia nikiwa nimejiziba mdomo majirani wasisikie. Mimi ndiye niliyekuzaa wewe? Nina hasira nawe na ninakupenda, na usiku silali kwa yote mawili.

Nikikipeleka polisi, watakufunga. Kukichoma niliogopa harufu. Nikikitupa, mbwa watakirudisha mlangoni. Nimekizika jikoni, chini ya mtungi. Hakuna pengine palipobaki.

Jana Claudine alikuja kuniomba msamaha, hakuweza kuniangalia usoni. Anasema Makarius hajafa. Yuko kijiji cha Kitanga, mkono umefungwa matambara, anawatangazia watu kuwa mchawi wa Murungu amekila kidole chake. Jumamosi anarudi na wenzake kukitafuta. Claudine anataka nikimbie. Nilishakimbia nikiwa mtoto, miguu hii haiwezi tena.

Siku ile walisema nina mfupa wa mtu ndani, nikaapa kwa Imana kuwa sina, na Imana alijua nasema kweli. Hiyo ndiyo nguvu iliyonifanya nivumilie kipigo. Jumamosi wataniuliza tena.

Mama yako, Esteri