Nkejje Aliyemfukuza Ngege

Ntinda, Kampala

Mjukuu wangu Salma,

Pokea salamu zetu sote. Shangazi yako amejifungua salama, mtoto wa kike. Umeniuliza kwa nini sikumpeleka baba yako kulelewa na ami zake baada ya babu yako kufariki.

Vita vilikuwa vimekwisha. Shemeji yangu mkubwa alikuja kuwachukua watoto, akaketi karibu na tangi la kioo nililofugia samaki wa kila aina. Nkejje mmoja, samaki mdogo wa ziwani, alikuwa akiogelea na wanawe. Ngege, samaki mkubwa mle tangini, alipowasogelea, wote wakakimbilia mdomoni mwa mama yao.

"Anawala wanawe!" shemeji akacheka.

"Anawaficha," nikamjibu. "Yeye mwenyewe hata hali mpaka wakue."

"Na wewe mjane utawalisha nini?"

Nilimtazama yule mama, mashavu yamemvimba, akimfukuza ngege aliyemzidi ukubwa kwa mbali. Woga ukanitoka.

"Shemeji, maliza chai yako. Watoto hawatoki hapa."

Aliondoka akisema nitajuta. Mwaka huo tulikula mihogo mingi. Sijajuta mpaka leo, na akija tena kuuliza, nitamjibu vilevile.

Bibi yako,
Zuhura