Udi wa Mwatum

Malindi, Unguja
5 Aprili 1970

Mdogo wangu Kazija,

Salamu nyingi zikufikie huko Wete, wewe, shemeji na watoto. Kifua cha mwanao kimepoa? Sisi huku hatujambo, ila moyo wangu hauna raha, na wa kumwambia ni wewe tu.

Unamkumbuka Mkadam, muuza manukato wa Darajani. Mwaka jana aliniomba jina langu aliweke kwenye udi wake wa kupika, apate kuufungulia maduka mashamba. Alisema wanaopenda nyimbo zangu watapenda na udi. Nikavimba kichwa, nikakubali kwa sharti moja: kila atakayechukua tawi aambiwe kwamba nimetoa jina tu, mkono wangu haumo. Akaitikia vizuri. Kumbe huko anakokwenda anasema nauchanganya mwenyewe.

Tawi la Fumba kalichukua Bi Biasha, kungwi wetu. Hakuniuliza kitu. Mimi ni mwari aliyemfunda mwenyewe, aniulize nini?

Mfunguo Tatu, baada ya sikukuu, akaufukiza chumbani kwa bibi harusi. Ukatoka moshi wa sukari iliyoungua na unga wa mbao. Bibi harusi akakohoa mpaka machozi, na mama wa bwana harusi akakitoa chetezo nje mbele ya wageni.

Niliposikia nikaenda Fumba kusema kuwa udi si wangu. Nimechelewa. Bi Biasha keshawaambia watu kwamba udi wa Mwatum hauna ila, yeye ndiye aliyeutia vitu vyake ili uongezeke. Alisema hivyo kulisitiri jina langu, Kazija. Tangu hapo haitwi harusi yoyote, na ukungwi ndio maisha yake.

Nilipomwambia nitaeleza kweli hadharani, akanishika mkono akasema, “Ukungwi nshaupoteza, mwanangu. Usinifanye na mwongo tena.” Nililia njia nzima.

Mkadam nimemlazimisha ashushe vibao vyote vyenye jina langu madukani. Haikusaidia kitu.

Sasa Fumba wananitaka nikaimbe harusini Alhamisi ijayo. Kungwi wamemtafuta mwengine. Nimekubali, na nitasema kweli yote kabla ya wimbo wa kwanza. Bi Biasha ataonekana mwongo mbele ya watu wake kwa sababu yangu, na huenda asinipe radhi mpaka tunazikana. Lakini harusi zake atarudishiwa.

Niombee dua. Shemeji msalimu sana, na watoto wabusu mmoja mmoja.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mwatum