Sauti ya Mwalimu wa Hisabati

Mdogo wangu Rehema,

Hamjambo hapo Korogwe? Huku Bahi mimi ni mzima. Leo tulikagua jinsi shule moja ya msingi inavyotumia teknolojia. Nikakuta darasa la sita limetulia tuli, kishikwambi kimeegemezwa kwenye ubao, sauti ya mwanamume inafundisha hesabu za sehemu. Ikauliza, “Mmeelewa?” Watoto wakaitikia, “Ndiyo, mwalimu!” Ikanyamaza ili waandike, kisha ikaendelea. Sijawahi kuona kifaa kikitumika vizuri hivyo.

Nikamuuliza binti mmoja, “Mwalimu huyu anafundisha kutoka wapi? Nataka kumpongeza.”

“Tulishamzika, madamu. Alijirekodi alipokuwa anaumwa, ili tusikose hisabati mpaka aje mwingine.”

Nikakaa kwenye dawati, katikati yao.

“Na hamwogopi?”

Akanishangaa. “Tumwogope kwa nini? Ni mwalimu wetu.”

Huyo mwalimu mwingine hajaja mpaka leo. Nilisikiliza kipindi chote, nikashindwa kuinuka.

Mpe mama shikamoo yangu. Akianza tena hadithi zake, mrekodi kwa simu, hata akikukaripia.

Dada yako akupendaye,
Tumaini