Mikorosho Uliyoikana

Rasbura, Lindi

Mpwa wangu Devota,

Wengi hukosea wakidhani kwamba neno walilowaambia watu wa msaada haliwafikii watu wa pembejeo. Siku hizi linafika.

Hapa hatujambo. Shangazi yako ameanza kutembea bila mkongojo. Juzi alikuja shemeji yako Erasmo na kikapu cha makopa ya muhogo, yeye ambaye kwenye msiba wa mumeo alikuja mikono mitupu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Leo umewakumbuka wazee?"

Akacheka, kisha akaniuliza mpaka wa shamba lake na la kanisa unapita wapi.

"Shamba lako lipi?"

"Mjomba nawe! Si Devota mwenyewe aliwaambia wale wa serikali kwamba mikorosho ile ni yangu?"

Naelewa kwa nini ulisema hivyo. Maisha yalikuwa yamekaza, nawe ulihofu kwamba mjane mwenye mikorosho atanyimwa ruzuku ya kaya maskini. Wenzako wengi hapo Mtama walisema vivyo hivyo. Lakini sasa wakulima wanasajiliwa upya ili wapewe salfa ya bure ya kupulizia mikorosho, na atakayesajiliwa ndiye atakayeuza korosho. Sidhani Erasmo alikuja kunijulia hali.

Huenda ruzuku ikakatwa ukisema kweli. Ikatwe. Msaada una mwisho, na mikorosho hiyo ndiyo itakayowalea wanao.

Usimdokeze Erasmo. Leo hii mchukue jirani yako Huseni, aliyewaona wewe na marehemu mkiipanda, mwende kwa mtendaji wa kijiji ukaisajili kwa jina lako.

Mjomba wako,
Stefano