Kamera Inayozima Kabla ya Jua

Jumamosi, 1 Agosti

Imezima tena! Jaribio la kwanza la maana, na imezima. Niliiweka uani juu ya miguu yake mitatu, kichujio cha jua kwenye lenzi, ikawa inajipigia picha yenyewe kama nilivyoiagiza. Nikaingia ndani kumkatia baba tikiti. Kutoka — kioo cheusi. Haikufikisha hata saa moja. Na betri nililala nimeichaji!

Siku yenyewe ya kupatwa, tarehe kumi na mbili, jua litaanza kuliwa mnamo saa moja na nusu jioni, litamezwa lote saa mbili na nusu, kisha litashuka nyuma ya vilima. Muda wote huo kamera iwe macho. Giza lenyewe ni dakika moja na ushei tu. Mara ya mwisho jua kufa hivi hapa kwetu, hata baba alikuwa hajazaliwa. Likinipita hili, nimeagana nalo.

Baba kala tikiti akiwa na kofia na koti la sufu. Joto la kukaangia mayai! Kaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia Fermín, mwanao. Akasema mwana anaye, ndiyo, lakini bado mdogo.

Jioni kapiga simu dada yangu Casilda, kutoka Bilbao. Nafasi imepatikana kwenye nyumba ya wazee, Aranda. Atamfuata baba Alhamisi ya tarehe kumi na tatu. Nikamwomba angalau apishe kupatwa kwa jua. "Si ndiyo maana nimesema kumi na tatu? Jua nimekupishia, mdogo wangu. Usije ukaniomba na mwezi."

Nilicheka. Baadaye sikucheka.

Jumatatu, 3 Agosti

Nimenunua betri mpya mjini Burgos. Nimeichaji usiku kucha. Imezima mapema kuliko ile ya zamani. Mpya!

Nimempigia Nemesio, wa kikundi chetu cha wapiga picha za nyota. Kanicheka. Kasema niachane na betri hizo, nitumie betri bandia: kipande cha plastiki chenye umbo lilelile, unakitumbukiza mahali pa betri, kina mkia wa waya unaokwenda kwenye pawabenki, betri kubwa ya nje. "Betri ya ndani ni kibaba, ndugu yangu. Wewe unataka pipa." Anayo ya ziada, ataipakia kwenye basi.

Akauliza, mzee hajambo? Nikasema yupo. Mama yake naye, kasema, "alikuwepo" miaka minne.

Jumatano, 5 Agosti

Pipa limefika na vituko vyake. Kamera inawaka, inapiga picha chache, inakufa. Kumbe pawabenki yenyewe inasinzia! Nemesio anasema kamera ikipumzika kati ya picha na picha inakunywa umeme kidogo mno, basi pawabenki inadhani hakuna mteja na inafunga duka. Dawa yake — chomeka na taa ndogo kwenye tundu la pili, mteja asiyeondoka. Nimechomeka. Haikusinzia tena.

Lakini alama ya betri ikaanza kumeta nyekundu, na kila kamera ikitaka kupiga picha, inazirai. Nikachukua mita ya zamani ya baba, ile ya mshale. Kwenye pawabenki umeme upo. Ukifika kwenye kamera umepungua. Waya wenyewe mrefu, mwembamba kama tambi. Nguvu zinaishia njiani.

Nikaleta mezani waya mnene na koleo. Baba akavuta kiti. Hakuuliza kitu. Akanipokonya koleo, akaumenya waya, akausokota, akaufunga utepe. Miaka arobaini alikuwa fundi umeme wa vijiji hivi. Ni nyumba gani hapa hakuitia taa? Vidole havikutetemeka hata kidogo. Mimi nilikuwa sipumui, nisije nikamharibia. Baba yangu alikuwa amerudi, ameketi mbele yangu, ameuma ulimi pembeni kama zamani.

Alipomaliza akauinua ule waya, akaugeuza, akaniuliza: "Hii kamba ya kufungia nini?"

Lakini kamera inafanya kazi.

Ijumaa, 7 Agosti

Asubuhi pawabenki ina robo. Robo! Niliiacha kwenye chaja usiku mzima. Natazama — plagi iko sakafuni. Ya friji nayo sakafuni, maziwa yamekatika. Nikadhani nimeanza kuchanganyikiwa mimi.

Kabla sijakaa, mlango unapigwa kama wa mdaiwa. Bi Obdulia, jirani, na aproni yake.

"Fermín! Hebu toka nje! Baba yako kaniulia friji!"

Jana magharibi aliingia kwake, akaenda moja kwa moja kwenye swichi ya stoo lenye friji, akaizima, akatoka hata jioni njema asiseme. Bi Obdulia aligundua leo. Nyama yake yote ya kondoo wa sikukuu imeyeyuka. "Nyumba inanuka kama machinjio! Wajukuu zangu wanakuja kwa hilo jua lenu, watakula nini? Watakula nyota?"

Nikaomba radhi. Nikasema nitalipa. Akaanza kupoa. Akakaa kwenye ngazi, akajipepea kwa aproni, akaniuliza kwa sauti nyingine kabisa kama najua mzee anafanya nini. Nikasema sijui, ni maradhi tu.

"Anamkatia Lucio umeme."

Lucio kwangu ni jina kaburini. Baba alikuwa akitupeleka kila Novemba kuweka maua, basi. Bi Obdulia kanieleza. Walikuwa wakifanya kazi wawili, vijana. Mwaka mmoja kabla sijazaliwa Lucio alikuwa juu ya nguzo, njia ya mashamba ya mizabibu, baba chini. Umeme ulikuwa umekatwa. Kisha ukarudi.

Nikauliza nani aliuwasha.

Bi Obdulia akatazama viatu vyake. "Aliyekuwa anajua si ndiyo huyo kasahau, mwanangu. Mwache."

Basi betri zilikuwa nzima zote. Ya zamani na mpya. Usiku mzee anaamka, anazunguka na giza lake, anachomoa kila kitu. Na mimi asubuhi naona betri iko kwenye chaja, naitia kwenye kamera, naanza kulaumu kiwanda.

Jumapili, 9 Agosti

Sasa nachaji kwenye gari, milango imefungwa. Namficha baba umeme kama watu wanavyomficha mlevi chupa. Anautafuta. Anapapasa kuta.

Asubuhi nilichomeka birika la kahawa mbele yake. Sikufikiri. Akanitia kofi — kofi hasa, la mtu mzima mwenye nguvu. "Kuna mtu juu, mshenzi wewe!" Mdomo ulipasuka. Nikachomoa. Akaniangalia damu, akatoa leso yake, akanifuta polepole, akaniuliza nani kanifanyia hivi.

Casilda kwenye simu: mbona unaongea hivyo? Nikasema jino.

"Fermín. Huwezi peke yako."

Nikasema naweza. Kasema najua unaweza, ndiyo maana naogopa.

Jumatatu, 10 Agosti

Jaribio la mwisho, juu kilimani. Kamera imefuata jua mpaka limezama. Haikuzima! Nilidhani nitaruka. Nilikunja tu miguu ya stendi nikashuka.

Jumanne, 11 Agosti

Kijiji kimejaa wageni. Mahema mpaka uwanja wa kupuria ngano. Bi Obdulia anawauzia kimanda cha viazi na kuwatukana wakipaki mlangoni kwake. Kanisamehe kondoo, au biashara imemsahaulisha.

Nyumba ya wazee wanataka kila nguo iwe na jina. Nimekaa kitandani na kalamu ya wino usiotoka: kola, soksi, fulana. SATURIO. SATURIO. SATURIO. Baba kaja kusimama mlangoni.

"Saturio ni nani?"

"Fundi mmoja."

"Mzuri?"

"Hakuna kama yeye."

"Basi mwite. Umeme wa nyumba hii unasumbua."

Nimeshindwa kumalizia soksi.

Jumatano, 12 Agosti

Naandika nimekaa chini, mgongo kwenye nguzo. Daftari nilikuwa nalo mfukoni kwa sababu ya mipangilio ya kamera. Naandika kwa mkono mmoja.

Tulipanda mapema. Baba kwenye kiti cha kukunja, miwani ya karatasi ya kutazamia jua juu ya miwani yake, kofia, koti. Wageni walikuwa wametapakaa chini yetu kwenye mabua. Kamera niliiwasha, pawabenki imejaa, ile taa ndogo inawaka, waya wa baba umeshika. Kila kitu sawa! Jua likaanza kung'atwa. Baba akaridhika kukaa. Nilimmenyea pichi. Nilifikiri — kesho ni kesho, leo tuko hapa.

Mwanga ukawa wa ajabu, kama wa ndani ya chupa. Upepo wa baridi. Ndege wakanyamaza. Kazi yangu ilikuwa moja tu: giza likiingia, nichomoe kichujio kwenye lenzi. Bila hivyo picha ni nyeusi tupu. Nimeirudia mara ngapi hiyo wiki hii, hata jikoni, hata usingizini.

Giza likaingia. Watu wakapiga kelele bonde zima.

Baba akasimama. Akavua miwani yote miwili. Alitazama juu — lile shimo jeusi lililozungukwa na nywele nyeupe za mwanga — na uso wake ukatulia. Sijawahi kuuona umetulia hivyo, tangu nimezaliwa.

"Umekatika," alisema. "Haya. Mshusheni."

Akanishika mkono. Wa kulia. Akaukaza.

"Taratibu. Wewe shika miguu."

Kamera ilikuwa hatua mbili tu. Naisikia — tik, tik. Inafanya kazi yake barabara. Ningeweza kujichomoa. Baba machozi yanamshuka, anacheka. Nikasema, ndiyo baba, nimemshika.

"Mzito eh?"

"Mzito."

Halafu ncha ya mwanga, pembeni, kali kama cheche ya kuchomelea. Watu walipiga makofi. Makofi! Baba alitoa ukelele ambao sijui nitautoa vipi masikioni. "Nani kawasha? Bado yuko juu! Zimeni! Zimeni!" Akaniachia, akakimbia. Mzee wa miaka themanini na tatu! Alikata katikati ya mizabibu, akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Nilimfikia hapa, njiani, chini ya nguzo.

Sijui kama ndiyo ile. Hii ni ya zege, ya juzi juzi. Ina kisanduku cha chuma chini, cha swichi. Kiatu kimoja hakipo, viganja vyote vinatoka damu. Nikijaribu kumwinua analia kama mtoto anayenyang'anywa kitu. Alichukua mkono wangu wa kushoto, akaubandika juu ya kisanduku, akaukandamiza kwa wake.

"Shika hapa. Usiachie mpaka ashuke."

Upo hapo tangu saa hizo.

Walikuja wanaume wawili, miwani ya karatasi iko kwenye paji la uso, wanauliza kama tunahitaji msaada. Baba akawaamuru wakae mbali na waya. Mmoja akamtazama mwenzake akatabasamu. Nikawaambia mmesikia, kaeni mbali na waya. Waliondoka haraka.

Nimempigia Casilda. Yuko njiani tangu alasiri, alitaka alale hapa, foleni ya wageni ikamkwamisha. Hakunigombeza. Afadhali angegombeza. Kasema koti la mzee liko wapi, asipigwe baridi. Kasema wale wa nyumba ya wazee wanaweza kumpokea hata leo usiku, alishawauliza. Alishawauliza lini?

Kamera iko kule juu bado. Haijazima, naona taa yake ndogo. Sijali. Najali. Sijui.

Jua limegusa kilima, limebaki na kijipengo. Baba anatazama juu ya nguzo na kusema maneno kwa sauti ndogo, ya kubembeleza: weka mguu hapo, haya, mwingine, usitazame chini. Anamshusha mtu. Yuko karibu katikati, nadhani.

Gari linapinda kule kwenye mizabibu. Ni la Casilda. Kalisimamisha katikati ya njia, kaacha mlango wazi, anakuja anakimbia na viatu vya mjini. Ananiita. Anasema niachie kisanduku, nimsaidie kumwinua baba, tumshike huku na huku.

Baba hamtazami. Anautazama mkono wangu.