Baba Pancras na Muziki wa Foleni ya Maji

Mwaka umetimia, Baba, tangu Februari ile tulipokurudisha nyumbani Mabawe kutoka Biharamulo ukiwa umelala nyuma ya gari, wewe ambaye hukupenda kabisa kuendeshwa na mtu. Kazimili, dereva mwenzako, ndiye aliyeshika usukani. Kila alipofika kwenye shimo alipunguza mwendo na kusema, "Samahani, mzee."

Ndugu zangu wameniomba mimi, Tecla, niandike kwa niaba ya wote, kwa kuwa ndimi niliyefanya kazi karibu nawe kule kambi ya wakimbizi ya Benaco. Nitaandika kama tunavyoongea nyumbani. Maneno makubwa yalikuwa yanakuchekesha.

Ulikuwa dereva. Miaka mingi ulibeba kahawa na saruji. Wakimbizi walipoingia mwaka 1994, watu wengi kuliko tuliowahi kuwaona mahali pamoja, ulipewa lori la maji. Ulitoka nyumbani sisi tukiwa bado tumelala, na chai yako ya tangawizi kwenye chupa, na kofia yako ya sufu. Kwenye kiti cha pembeni, mahali ambapo wenzako walikalisha abiria, redio yako ya kaseti ilifungwa kwa mpira wa baiskeli isianguke.

Kaseti zenyewe uliachiwa na mhandisi wa visima, Mzungu mmoja mpole aliyemaliza kazi akarudi kwao. Zilikuwa kwenye boksi la sabuni. Wewe ulikuwa mtu wa kwaya na rumba, hukujua ni kitu gani. Siku ya kwanza uliweka moja ukaanza safari, ukimsubiri mwimbaji. Hakutokea. Ukadhani kaseti imeharibika. Ukageuza upande wa pili, na huko nako fidla na filimbi tu, basi. Jioni ulimwambia Mama, "Hawa watu wamesahau kuimba, lakini nimeshindwa kuzima."

Hivyo ndivyo muziki wa klasiki ulivyoingia nyumba ya Pancras Rwekaza.

Jumapili baada ya misa uliweka redio dirishani, nasi tukakaa kwenye jamvi nje. Mama alichagua maharage. Alfonce alipenda tarumbeta, Teddy alicheza kila aliposikia piano. Mama alisema yeye anapenda zile fupi, zisizochelewesha chakula. Baba mdogo Modestus alipokuja kututembelea kutoka Biharamulo, alisikiliza kwa adabu mpaka akachoka.

"Kaka, wanaanza kuimba saa ngapi?"

"Hawaimbi. Wewe sikiliza."

"Nisikilize nini na hakuna maneno?"

"Chagua chombo kimoja," ulimwambia. "Kifuate kama unavyomfuata mtu unayemjua sokoni. Akipotea katikati ya watu usihangaike. Subiri, atatokea tena."

Baba mdogo alichagua filimbi. Alikaa, kikombe cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, mkononi, akakunja uso kama anayefanya hesabu. Ghafla akaruka. "Huyo hapo! Ametokea!" Rubisi ikamwagika kwenye suruali, nawe ulicheka mpaka ukakohoa. Hukumfundisha mtu kwa kumwambia kwanza majina ya watunzi. Ulisema jina la mtu linaulizwa baada ya kumpenda.

Kule kambini ilikuwa vivyo hivyo. Kushusha maji kulichukua muda, foleni ya madumu ilikuwa ndefu na jua kali, kwa hiyo ulifungua mlango wa lori na kuongeza sauti. Mwanzoni watu walikushangaa. Kazimili alikuambia huo ni muziki wa kulaza ng'ombe. Ulimjibu, "Basi hata ng'ombe wamekushinda masikio."

Lakini watu walizoea, halafu wakapenda, halafu wakaanza kuagiza. Kwa kuwa hukuwapa majina, waliyatunga wenyewe. Kulikuwa na Mvua ya Mawe. Kulikuwa na Bibi Harusi Anachelewa. Uliopendwa kuliko yote ni ule wa fidla zinazopanda polepole, zinasimama, kisha zinashuka. Huo waliuita Ngazi. Irakoze, mama kijana aliyekuja na mtoto mgongoni na hakusema amemwacha nani nyuma, alikuwa akikuona tu anapiga kelele, "Shikamoo, Baba! Leo Ngazi!" Nawe ulijibu, "Marahaba, binti yangu. Kwanza maji, kisha Ngazi."

Siku ile pampu ya maji ya kambi ilipoharibika, wengine humu nyumbani wameisikia kwa vipande tu. Acha niieleze yote.

Matangi yalikuwa matupu tangu siku iliyotangulia. Kwenye zahanati yetu wagonjwa wa kuhara damu walikuwa wamelala hadi kwenye veranda, na sisi wauguzi hatukuwa hata na maji ya kunawa mikono. Ulifika na lori likiwa na maji nusu tu, ndiyo yaliyopatikana. Watu walilizunguka. Vijana walipanda juu, wengine wakaanza kugombania koki. Niliona kutoka mlangoni mtu mmoja ameinua jiwe.

Ulisimama kwenye ngazi ya mlango wa lori, ukavua kofia.

"Maji haya ni ya wagonjwa," ulisema. "Sitawadanganya, hayawatoshi. Nikiyashusha pale zahanati naenda kuchukua mengine ng'ambo ya mlima."

"Jana dereva mwingine alisema hivyohivyo!" mtu alijibu. "Hajarudi mpaka leo!"

Uliingia ndani, ukafungua ule mpira wa baiskeli, ukatoka na redio. Ukamwita Mzee Sindayigaya, Mrundi mwenye Kiswahili cha Bujumbura, aliyekuwa akisimamia foleni kwa sababu wote walimheshimu.

"Mzee mwenzangu, shika hii. Unajua ninavyoipenda."

"Najua."

"Nisiporudi, ni yako."

Sindayigaya aliipokea kwa mikono miwili. Akawageukia wale vijana. "Shukeni," alisema. "Mtu haachi jicho lake akaenda zake." Wakashuka mmoja mmoja. Yule wa jiwe aliliweka chini. Ukatushushia maji, Baba, na siku hiyo hatukumpoteza mgonjwa hata mmoja pale verandani. Ulinigusa bega ukasema tu, "Chemsheni." Ukaondoka na Kazimili.

Redio ilipiga mchana kutwa. Mvua ikanyesha upande wa milimani, tukaiona kwa mbali, nami niliijua ile barabara. Mliteleza mkaingia mtaroni. Kazimili anasema ulichimba kwa jembe, jembe likavunjika, ukachimba kwa sufuria. Sisi huku hatukujua lolote. Tuliona tu jua linashuka. Betri zikaanza kuchoka, fidla zikawa kama za watu wenye usingizi, kisha kimya.

Kimya kile kilikuwa kibaya. Mtu mmoja akasema, "Ametuacha." Wengine wakasimama. Nilimwona Sindayigaya anaipiga redio makofi madogo mgongoni, kama anayemcheulisha mtoto.

Ndipo Irakoze alipoanza. Alikuwa ameketi juu ya dumu lake, mtoto mapajani. Akaimba Ngazi bila maneno, kwa sauti nyembamba, kama anavyobembeleza. Ilipofika pale fidla zinaposimama, naye akasimama. Sindayigaya akaingia na ile sauti nene ya chini. Mwanamke mwingine akafuata, kisha wa nyuma yake, na mimi mlangoni nikashangaa kumbe naijua yote. Si kwamba njaa iliisha au kiu iliisha. Watoto walikuwa wanalia palepale. Lakini watu walikaa chini, wakasubiri.

Ulipotokea na lori limejaa, walikuwa bado wanaimba. Ulishuka matope hadi kiunoni, mguu mmoja hauna kiatu.

"Nani amewafundisha sauti ya pili?" uliuliza.

"Ni wewe," Sindayigaya akakujibu. "Kila siku." Akakurudishia redio, ameifuta vumbi kwa shati lake.

Ulifungua koki, kisha ukageukia tairi la nyuma ukajifanya unakagua upepo. Ulilikagua muda mrefu sana, Baba. Niliona mabega yako.

Baadaye kazini walikuita ueleze kwa nini ulichelewa, nawe ulisema barabara ilikuwa mbaya. Nyumbani ulisema hivyohivyo. Tungebaki na hilo tu kama si mimi kuwa pale, na Kazimili kukisimulia kisa hicho kila alipopata kikombe. Siku tulipokuzika, Sindayigaya aliomba kibali cha kutoka kambini akaja. Alichukua koleo kutoka kwa Alfonce, akatupa udongo pamoja na wanao.

Ulikuwa umekwenda Biharamulo kumwona Baba mdogo, ugonjwa wa ini ukakuzidia hukohuko, wakakulaza hospitali. Mama alifika kwa basi, na khanga yake ya safari, na redio kwenye kikapu chini ya ndizi. Alidhani ndicho utakachotaka. Asubuhi ile aliiweka juu ya kabati la pembeni ya kitanda, akachagua kaseti mwenyewe, akaweka ya piano, taratibu, wagonjwa wengine wasikasirike.

Ulisikiliza kidogo. Kisha ukasema, "Zima, Eustakia."

"Inakuumiza kichwa?"

"Hapana. Nataka kukusikia wewe."

Mama anasema alivuta kiti karibu. Miaka yote ile wewe ndiye uliyekuwa msemaji. Akakuambia maharage yameanza kutoa maua. Akakuambia mbuzi mweusi amekata kamba tena akala mboga za jirani, na jirani amekuja juu, na Teddy amemjibu vibaya, na yeye amemkanya Teddy lakini moyoni amecheka. Ulitabasamu ukasema, "Endelea." Akakuambia paa la jikoni linavuja upande wa migomba. Akakuambia kuwa usiku bado analala upande wake tu, hajazoea kitanda kizima. Alikuwa katikati ya habari hiyo ulipoondoka, na hakunyamaza mara moja. Alimalizia kukueleza.

Unakumbukwa na mkeo Eustakia, na wanao Tecla, Alfonce na Teddy, na mdogo wako Modestus na nyumba yake yote ya Biharamulo, na Kazimili, ambaye tumemhesabu kuwa ndugu. Misa ya kukuombea itasomwa Mabawe Jumapili hii, na majirani wote wanakaribishwa nyumbani baada ya misa.

Siku zote tutakuwa tunakukumbuka, Baba. Mama anakusalimu, na anasema paa limezibwa.